Mtaka kasi sharti ajifunze pole

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili nimepokea barua kutoka kwa bwana mmoja wa Temeke, mfanyakazi wa ofisini, mwenye umri wa miaka 44. Anasema kwamba kwa miaka miwili sasa anakimbia mara tatu kwa juma. Jumanne na Alhamisi anakimbia kilomita tano, Jumamosi kilomita kumi, na kila mara anakimbia kwa nguvu zake zote huku akitazama saa. Alipoanza, kilomita kumi zilimchukua dakika 70. Katika miezi sita ya mwanzo akashuka hadi dakika 62, na hapo ndipo alipokwama. Mwaka mmoja na nusu umepita, dakika 61 hajaiona. Goti la kulia limeanza kuuma. Daktari amemwambia kwamba shinikizo la damu lililokuwa juu limeteremka tangu aanze kukimbia, kwa hiyo asiache. Lakini wenzake mtaani wanamwambia kwamba umri umekwenda, akae barazani acheze bao. Mwisho wa barua anauliza: je, ni kweli nimezeeka, au kuna jambo silijui?

Ndugu yangu wa Temeke, hujazeeka. Jambo usilolijua ni hili: unakimbia kwa kasi mno, tena siku zote. Ukitaka kuzimaliza kilomita kumi kwa dakika chache zaidi, siku nyingi za juma inakupasa ukimbie polepole kuliko unavyokimbia sasa.

Najua wako watakaocheka. Watasema, mtu atapataje kasi kwa kujizoeza pole? Basi nipe nafasi nieleze, maana bwana huyu hayuko peke yake. Nenda Coco Beach asubuhi ya Jumamosi, au pita Daraja la Tanzanite kabla jua halijachomoza. Utawaona watu wazima, wake kwa waume, wanahema kama mvukuto wa mhunzi, shingo zimekaza na nyuso zimekunjamana. Rudi baada ya miezi mitatu uwatafute walewale. Wengi huwaoni. Mmoja anaumwa ugoko, mwingine kifundo cha mguu kimevimba, wa tatu amechoka tu na amerudi kitandani kwake. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hawa ukingo wameufikia mapema.

Kwanza tuzitazame mbio zenyewe. Kilomita kumi ni raundi 25 za uwanja wa riadha wenye njia ya mita 400. Mtu wa kwanza duniani kuzimaliza raundi hizo chini ya dakika 29 alikuwa Emil Zátopek wa Chekoslovakia, mjini Brussels mwaka 1954. Alitumia dakika 28, sekunde 54 na nukta 2. Ilipofika mwezi Mei mwaka 2024, katika mji wa Eugene nchini Marekani, Beatrice Chebet wa Kenya akawa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Muda wake ulikuwa dakika 28, sekunde 54 na nukta 14. Kwa hiyo, kama binti huyo wa Kenya angekuwa Brussels siku ile ya 1954, yeye na mshika rekodi ya dunia wa wanaume wangefika utepeni bega kwa bega.

Kwa upande wa wanaume, Yobes Ondieki wa Kenya alikuwa wa kwanza kushuka chini ya dakika 27, mjini Oslo mwaka 1993. Joshua Cheptegei wa Uganda akakimbia dakika 26 na sekunde 11 mjini Valencia mwaka 2020. Hizo ni kama sekunde 63 kwa kila raundi, mara 25 bila kupumzika. Na sisi Watanzania tusijisahau. Gidamis Shahanga alitwaa medali ya dhahabu ya mita 10,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane mwaka 1982, na mwaka 2025 Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo kwa tofauti ya chini ya sekunde moja baada ya kilomita 42.

Sasa, watu wa namna hii hufanyaje mazoezi? Mgeni anayefika Iten, kule Bonde la Ufa nchini Kenya, hushangaa jambo moja. Alfajiri anawaona mabingwa wakitoka kundi zima kwa mwendo wa pole kabisa, wakizungumza, kiasi kwamba hata yeye mgeni anaweza kuandamana nao kwa muda. Kasi wanayo, tena ya kutisha, lakini wameitengea siku yake. Siku zilizobaki wanajenga.

Mtu aliyelieneza somo hili duniani hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa kiwanda cha viatu kule New Zealand, jina lake Arthur Lydiard. Alijifanyia majaribio mwenyewe barabarani kwa miaka mingi, kisha akawafundisha vijana wa mtaani kwake. Aliwataka wakimbie kama kilomita 160 kwa juma katika miezi ya kujenga, nyingi zikiwa za mwendo wa kadiri, kabla ya kugusa mazoezi ya kasi. Kijana wake mmoja, Peter Snell, alikuwa mkimbiaji wa mita 800, yaani raundi mbili tu. Hata hivyo Lydiard alimtoa siku za Jumapili kwenda milimani kukimbia kilomita 35. Watu walimwona mwendawazimu. Katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, Snell alishinda mita 800, na siku hiyohiyo mwenzake Murray Halberg, aliyefundishwa na Lydiard huyohuyo, akashinda mita 5,000. Waliocheka wakaomba kufundishwa.

Baadaye mtaalamu mmoja Mmarekani anayefanya kazi Norway, Stephen Seiler, alichunguza mazoezi ya mabingwa wa michezo ya kuhimili, wakimbiaji, wapiga makasia na watelezaji wa theluji. Akakuta kwamba, bila kuambiana, wengi wao hufanya kama siku nane kati ya kila kumi za mazoezi kwa mwendo mwepesi, na mbili tu kwa nguvu. Bwana wetu wa Temeke anafanya kumi kati ya kumi kwa nguvu.

Kwa nini pole ilete kasi? Jibu limo ndani ya mwili. Katika mbio za kilomita kumi, zaidi ya sehemu 90 kati ya 100 za nguvu unayotumia hutokana na kuchoma chakula kwa oksijeni. Oksijeni hiyo inavutwa na mapafu, inapakiwa katika damu, inasukumwa na moyo, inapita katika vijishipa vyembamba kuliko unywele, na mwisho inaingia ndani ya msuli, ambamo mna viwanda vidogo mno viitwavyo mitokondria. Humo ndimo nguvu inamotengenezwa. Mwenye moyo unaosukuma damu nyingi kwa pigo moja, mwenye vijishipa vingi na viwanda vingi, ndiye anayeweza kukaa kwenye kasi kubwa kwa muda mrefu.

Mambo haya yote hukua kwa kutumiwa mara nyingi na kwa muda mrefu. Mwendo mwepesi unatosha kuuamsha mwili ujenge, wala haukuachi hoi. Kwa kuwa hukuachwa hoi, kesho unaweza kurudi, na keshokutwa pia. Haba na haba hujaza kibaba. Anayekimbia kwa nguvu zote siku ya Jumanne, Alhamisi bado ana uchovu wa Jumanne, na Jumamosi ana uchovu wa siku zote mbili. Anadhani anakimbia kwa kasi, kumbe anakimbia kwa kasi ya mtu aliyechoka. Amekuwa kama daladala linalong'ang'ania gia ya pili: kelele nyingi, mafuta yanakwisha, na mwendo wenyewe hauonekani.

Iko sababu nyingine, na hii inahusu goti lake. Moyo na damu huitikia mazoezi katika majuma machache. Mifupa na kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, huchukua miezi. Kwa hiyo mtu anayeanza hujiona ana pumzi, akaongeza kasi, wakati miguu bado haijawa tayari kubeba kile ambacho pumzi inaruhusu. Hapo ndipo maumivu huanza. Mara nyingi goti si bovu, limepewa tu mzigo kabla ya wakati wake.

Nadhani sasa utauliza: pole ni kiasi gani? Hapo huhitaji chombo chochote kutoka ng'ambo. Kipimo tulikwisha kuwa nacho tangu shule. Ni mchakamchaka. Wote tuliosoma shule za nchi hii tunaukumbuka: alfajiri, kiongozi anatoa wimbo, wengine wanaitikia, na miguu inakwenda kwa mdundo mmoja. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa wanaukumbuka zaidi. Sasa jiulize, mtu anayetweta anaweza kuimba? La hasha. Mchakamchaka ulikuwa ni mwendo wa watu wenye pumzi ya kuimba, na huo hasa ndio mwendo ninaouzungumzia. Ukiweza kuitikia wimbo, au kumsimulia mwenzako habari nzima bila kukatika, uko sawasawa. Ukiweza kusema maneno matatu tu halafu ukavuta pumzi, umezidisha, punguza. Na ukiona aibu kupitwa na mama mwenye kitenge anayewahi soko, meza aibu yako.

Kwa bwana wetu, kilomita kumi kwa dakika 62 ni dakika 6 na sekunde 12 kwa kilomita. Mwendo wake wa siku za kawaida unapaswa kuwa kati ya dakika 7 na robo na dakika 8 kwa kilomita. Mwanzoni atahisi kama anapoteza wakati. Avumilie. Simba mwendapole ndiye mla nyama.

Lakini sisemi kwamba pole peke yake inatosha. Asiyewahi kukimbia kwa kasi hawezi kuzuka nayo siku ya mashindano. Kasi inahitajika, ila iwe kama chumvi katika mchuzi. Kwa mtu anayekimbia siku nne kwa juma, siku moja ya nguvu inamtosha. Ziko aina mbili ambazo zinafaa kwa kilomita kumi.

Aina ya kwanza naiita mwendo wa kubana. Ni kasi ambayo ungeweza kuihimili kwa muda wa saa moja, si zaidi. Unahema, lakini pumzi haijakukimbia. Unaweza kusema neno moja moja, hutaki mazungumzo. Kwa mtu wa dakika 62, kasi hii inakaribiana kabisa na ile anayoshindania sasa. Anza na dakika nane mara tatu, ukipumzika dakika mbili za kukimbia polepole katikati. Baada ya majuma machache unganisha ziwe dakika 20 mfululizo. Kazi ya zoezi hili ni kuufundisha mwili kukaa kwenye ukingo wa kuchoka bila kuanguka ng'ambo.

Aina ya pili ni kukimbia kwa vipande. Huyo Zátopek niliyemtaja alisifika kwa hilo. Alikimbia mita 400 za kasi, kisha kipande cha polepole, kisha 400 nyingine, mara nyingi mno, hata kupita 50 kwa siku moja. Wewe usijaribu hizo 50. Vipande vitano vya mita 1,000 vinatosha, kwa kasi ya muda unaoutafuta, na kati ya kipande na kipande dakika mbili au tatu za kutembea na kukimbia polepole. Bwana wetu akitaka kushuka hadi dakika 58, kasi yake ni dakika 5 na sekunde 48 kwa kilomita. Uwanjani ni dakika 2 na sekunde 19 kwa raundi, wakati sasa anatumia dakika 2 na sekunde 29. Angalia basi, dakika nne nzima anazozililia ni sekunde zisizofika 10 katika kila raundi. Jambo hili halihitaji miujiza.

Kanuni moja ya vipande: cha mwisho kiwe na kasi ileile ya cha kwanza. Ukimaliza cha kwanza kama mshale na cha tano unajikokota, ulianza vibaya. Maliza ukiwa na nguvu ya kukimbia kimoja zaidi, kisha usikikimbie.

Asiye na uwanja asikate tamaa. Simu nyingi za siku hizi zinapima umbali. Asiye na simu ya namna hiyo amwombe kijana wa bodaboda mwenye mita nzima ampimie kilomita moja katika barabara iliyonyooka yenye magari machache, atie alama kwenye nguzo. Au akimbie kwa dakika badala ya mita: dakika moja kwa kasi, dakika moja pole, mara kumi na tano. Wenzetu wa Kenya wanalipenda sana zoezi hilo.

Sasa tuyapange majuma 12. Juma la kwanza hadi la nne, pole tupu. Jumanne kilomita tano, Alhamisi tano, Jumamosi nne pamoja na kikundi, Jumapili kilomita sita hadi nane. Ndizo kilomita 20 zilezile anazokimbia sasa, au zaidi kidogo, ila amezigawa kwa siku nne na ameziondolea fujo. Mwishoni mwa mbio za Alhamisi aongeze vipande vinne vya sekunde 20 vya kasi nyepesi, kukumbusha miguu tu. Juma la tano hadi la nane, Jumanne igeuzwe kuwa siku ya mwendo wa kubana. Juma la tisa hadi la kumi na moja, Jumanne iwe ya vipande. Siku ya nguvu ianze kwa kilomita mbili za pole za kupasha misuli moto, na imalizike kwa kilomita moja ya pole. Wakati wote huo mbio za Jumapili zirefuke taratibu hadi kilomita 13 au 14, na jumla ya juma ipande kama kilomita mbili kila juma, hadi zifike 30 hivi. Kila juma la nne teremsha mzigo, mwili upate nafasi ya kukusanya faida. Juma la 12 ni la mashindano: punguza umbali karibu nusu, kimbia kidogo, lala vya kutosha.

Hapo kwenye kulala napenda nikazie. Mwili haujengeki wakati unakimbia. Unapokimbia unaubomoa kidogo. Unajengeka usiku, ukiwa umelala na umekula. Mtu anayekesha akitazama mpira hadi saa saba, kisha akaamka saa kumi na moja kwenda kukimbia, anamwaga maji kwenye pakacha. Na kwa mwenye miaka 44, umri una ukweli wake mmoja: mwili unachelewa kidogo kupona baada ya siku ya nguvu. Haina maana kwamba aache, maana yake asiziweke siku za nguvu karibu karibu. Eliud Kipchoge alikuwa na miaka 37 alipokimbia marathoni ya Berlin ya mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Hapo alikuwa amekimbia kwa zaidi ya miaka 20 na bado alijishinda mwenyewe.

Tukiwa Dar es Salaam au mji wowote wa pwani, joto nalo tulihesabu. Jasho linalotiririka halipoozi mwili. Linalopooza ni lile linalokauka juu ya ngozi, na hewa ya pwani yenye unyevunyevu hailiruhusu likauke upesi. Kwa hiyo kati ya Desemba na Machi usishangae kuona saa yako inasoma vibaya kwa juhudi ileile. Fuata pumzi, usifuate saa. Kimbia kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu alfajiri, barabara yenye taa, na ikiwezekana mkiwa wawili au zaidi, hasa kina mama na kina dada. Anayetoka mikoa ya baridi apewe kama majuma mawili mwili uzoee. Maji kunywa ukisikia kiu. Kwa mbio za saa moja huna haja ya kujaza tumbo, na wako waliopata madhara makubwa kwa kunywa maji kupita kiasi hadi chumvi ya damu ikapungua.

Raba nazo si lazima ziwe za bei ya kutisha. Za mtumba zinafaa, lakini zigeuze uone soli kabla hujalipa. Ikiwa kisigino kimelika upande mmoja, umenunua mwendo wa mtu mwingine na matatizo yake. Zivae nyumbani siku mbili kabla ya kuzitoa barabarani.

Hali kadhalika, acheni tabia ya kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki kabla ya mbio ili goti lisisikike. Dawa hizo, mwili ukiwa umepungukiwa maji, zinaweza kudhuru figo, na kwa mwenye shinikizo la damu zinaweza kulipandisha tena. Maumivu ni taarifa. Yanayopungua kadiri unavyopata joto, yaangalie. Yanayoongezeka kadiri unavyokwenda, simama, tembea urudi nyumbani. Na mwenye miaka zaidi ya 40 anayetaka kuanza, au mwenye presha, kisukari au historia ya moyo katika ukoo, amwone daktari kwanza. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au moyo unadunda ovyo, usimalize raundi. Ukimwona mwenzako anayumba na kuongea yasiyoeleweka kwenye joto, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mengi mwili mzima, na gari la hospitali liitwe. Hilo si la kusubiri.

Siku ya mashindano sasa. Watu elfu moja wamesimama, muziki unapigwa, mgeni rasmi anapeperusha bendera, na wote wanachomoka kama waliofukuzwa na nyuki. Wewe usichomoke. Mtafuta dakika 58 aipite kilomita ya kwanza kwa dakika 5 na sekunde 55, kisha aingie kwenye mwendo wake. Tano za mwanzo zimkute kwenye dakika 29 na sekunde chache. Cheptegei alipoivunja rekodi kule Valencia, nusu ya kwanza alitumia dakika 13 na kama sekunde 8, ya pili dakika 13 na sekunde 3. Yaani hata bingwa wa dunia nzima alianza kwa kujizuia. Kilomita ya saba na ya nane ndizo zenye mtihani: mwanzo umesahaulika na mwisho hauonekani. Hapo ndipo zile Jumapili ndefu za pole hulipa. Utawapita wengi waliochomoka, na usiwacheke, waambie pole.

Ndugu msikilizaji, inafaa nitaje jambo moja la mwisho. Huyo Lydiard, fundi wa viatu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwakusanya wanaume wa makamo mjini Auckland, wengine waliokwisha kuugua moyo, akawafundisha kukimbia polepole huku wakizungumza. Kocha mmoja Mmarekani, Bill Bowerman, akaja kuwatembelea, akaona ajabu ile, akaipeleka kwao Oregon, na kutoka Marekani ikaenea kote. Neno jogingi tunalolichapisha kwenye fulana za vikundi vyetu lilipata umaarufu kwa njia hiyo. Asili yake ni watu wasio vijana, waliokimbia pole ili waishi.

Kwa hiyo kwa bwana wa Temeke, dakika 58 ni jambo zuri na nadhani atazipata. Lakini kubwa kuliko dakika hizo ni ile presha iliyoteremka. Mtu anayekimbia kila siku kama anashindana ataacha mwaka huu au ujao, na akiacha, presha haitamsubiri. Anayekimbia kwa mwendo wa mchakamchaka ana sababu ya kuamka kesho, na mwaka kesho, na miaka kumi ijayo. Kasi itamfuata njiani. Bao analoalikwa barazani nalo acheze, ila jioni, baada ya mbio.

Hadi juma lijalo, kimbieni pole, na mvuke barabara kwa uangalifu.